Mnyonge wa Tiger Bay

Mke wa Mahmood Mattan hakuarifiwa na mtu kwamba mumewe amekwisha kufa. Alikwenda mwenyewe kwenye gereza la Cardiff, katika nchi ya Wales, kumzuru kama ilivyokuwa ada yake, na alipofika mlangoni akakuta karatasi ya serikali imebandikwa, isemayo kwamba hukumu ya kifo iliyotolewa juu ya mfungwa huyo imekwisha kutekelezwa. Siku ya kunyongwa kwake ilikuwa Jumatano, tarehe 3 Septemba 1952. Laura, ndilo jina la bibi huyo, alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na nyumbani alikuwa na wana watatu wadogo, David, Omar na Mervyn, ambao tangu siku hiyo ilimpasa kuwatafutia jawabu la swali ambalo kila mtoto huuliza: baba yuko wapi?

Wazee wetu wana msemo ambao hautoki vinywani mwa watu, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, nao aghalabu husemwa pale mtu anapotaka kukiri wema wa asiyependwa. Nimeusikia tangu utotoni pasipo kuufikiri. Walakini tangu nilipoisoma kesi ya baharia huyu wa Kisomali, kila ukinijia huniumiza, kwa sababu umetaja kunyonga mwanzo na haki mwisho, ilhali aliyekwisha kunyongwa hana mkono wa kupokelea haki. Serikali ya Uingereza ilimnyonga mnyonge huyu, na haki yake ikampa baada ya miaka arobaini na mitano na miezi mitano. Nataka kueleza jinsi jambo hilo lilivyotukia, kituo kwa kituo, kwani nimeona kuwa wengi wanaoamini kwamba mahakama haiwezi kumwua asiye na hatia huamini hivyo kwa kuwa hawajapata kuonyeshwa njia ambayo kosa hupitia, hatua baada ya hatua, mpaka likafika kitanzini.

Mattan alizaliwa mwaka 1923 huko Hargeisa, katika sehemu ya Usomali iliyotawaliwa na Waingereza, na kama vijana wengi wa nchi yake akashika njia ya bahari. Zama hizo meli za moshi zilihitaji watu wa kusimama mbele ya tanuri na kutupa makaa usiku na mchana, kazi ya jasho na moto ambayo kwa miaka mingi Wasomali na Wayemeni walikuwa miongoni mwa waliobebeshwa zaidi, na kwa hiyo katika bandari kubwa za Uingereza watu hao walikuwa na mitaa yao. Cardiff mtaa huo uliitwa Tiger Bay, nao ulikuwa mahali ambapo mtu wa Mombasa au wa Unguja angalijiona hayuko mbali sana na kwao: Waarabu, Wasomali, watu wa Afrika ya Magharibi, wa visiwa vya Karibi na wa Malta wakipishana katika barabara moja iitwayo Bute Street, msikiti na makanisa, mikahawa na nyumba za kulala mabaharia, na mwenye duka akisalimiwa kwa lafudhi za bahari zote.

Huko ndiko Mattan alikokutana na Laura, binti wa Kiwelisi aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha karatasi, wakaoana baada ya miezi michache tu, binti akiwa bado hajatimiza miaka ishirini. Ndoa hiyo iliwagharimu. Mwanamke wa Kizungu aliyeolewa na mtu mweusi katika Wales ya siku zile alitukanwa njiani mchana kweupe, na chumba cha kupanga kilikuwa taabu kupatikana, hata ikawa kufikia mwaka 1952 mume na mke wanakaa nyumba mbali mbali katika mtaa mmoja, wakionana kwa ajili ya watoto. Mattan alikuwa ameiacha bahari tangu 1949, akashika vibarua vya nchi kavu, na mara nyingi hakuwa na kazi yoyote. Kiingereza chake kilikuwa cha melini, cha kupokelea amri na kuombea chakula, na ulimi wake ulikuwa mkali, hususan mbele ya polisi, ambao hakuwapenda wala hakujihangaisha kuficha kuwa hawapendi. Ninataja tabia hiyo kwa makusudi, maana ilimdhuru. Mtu mpole mwenye maneno laini akishukiwa huonekana amesingiziwa; mtu mkali asiyejua kujieleza akishukiwa huonekana kama kwamba tayari amekiri.

Usiku wa Alhamisi, tarehe 6 Machi 1952, bibi mmoja Myahudi jina lake Lily Volpert, mwenye umri wa miaka 41, alikuwa amefunga duka lake la nguo katika Bute Street, duka ambalo mabaharia walilijua sana kwa kuwa waliweza pia kupata fedha hapo walipoishiwa. Mama yake, dada yake na mpwa wake walikuwamo chumba cha nyuma. Ilikuwa saa mbili imepita kidogo kengele ya mlango ilipolia, naye akaenda kumfungulia mgonga kengele. Dakika chache baadaye alikutwa sakafuni, koo limekatwa kwa kitu chenye makali ya wembe, na fedha takriban pauni 100 zimetoweka.

Sitaki msomaji aipite roho hiyo upesi ili afike kwa Mattan. Mwanamke huyu aliuawa kikatili, hatua chache kutoka pale alipokuwa ameketi mamaye mzazi, na jamaa zake walikuwa na haki timilifu ya kumtaka mwuaji. Haki hiyo hawakuipata hata leo. Alipotiwa kitanzini mtu asiye mwuaji, jalada lilifungwa, upelelezi ukakoma, na yule aliyeushika kweli ule wembe akaachwa atembee. Kwa hiyo kosa la mahakama lilizidhulumu nyumba mbili kwa pigo moja, nyumba ya Mattan na nyumba ya Volpert.

Polisi walifika chumbani kwa Mattan usiku ule ule, yapata saa mbili baada ya mauaji, kwani walikuwa wakiwapitia mabaharia wa Kisomali mmoja baada ya mmoja. Walimpekua. Hawakuona nguo yenye damu, wala hawakuona zile fedha. Yeye akasema kwamba alikuwa sinema, kisha akarejea kwake. Jamaa za marehemu wakatangaza tuzo ya pauni 200 kwa atakayetoa habari za kumtia mwuaji mbaroni, na pauni 200 siku hizo, katika mtaa wa makuli na mabaharia wasio na meli, zilikuwa mali ya kumfanya mtu akumbuke ambayo jana hakuyakumbuka. Baadaye wataalamu wa polisi wakachukua viatu vya Mattan, wakavitazama kwa hadubini, wakaona vidoadoa vya damu vidogo kiasi cha kutoonekana kwa jicho tupu. Vilikuwa viatu vya mtumba, vilivyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine kabla ya kumfikia yeye, na hapakuwa na elimu wakati huo ya kusema damu ile ni ya nani au ni ya lini. Wengi wetu tumekulia katika viatu vya mtumba. Ni nani anayejua aliyevivaa kwanza alikanyaga wapi?

Kesi ilisikizwa Swansea kuanzia tarehe 22 Julai, na kwa siku tatu ikawa imekwisha. Shahidi mkuu wa serikali alikuwa mzaliwa wa Jamaica aitwaye Harold Cover, aliyesema kwamba alimwona Mattan akitoka mlangoni mwa duka lile saa ya mauaji. Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa nguzo ya kesi. Mengine yote yalikuwa fito. Ambalo raia kumi na wawili wa juri hawakuambiwa, wala wakili wa mshtakiwa hakuambiwa, ni kwamba polisi walikuwa na maelezo ya Cover ya hapo awali, na katika maelezo hayo sifa alizozitoa zilimwelekea Msomali mwingine, Tahir Gass, mtu mwenye jino la dhahabu. Mattan hakuwa na jino la dhahabu. Hawakuambiwa pia kwamba mashahidi wanne waliwekwa mbele ya gwaride la utambulisho na wote wanne wakashindwa kumchagua Mattan, wala kwamba mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili, aliyemwona mtu mweusi karibu na duka jioni ile, alikutanishwa na Mattan uso kwa uso na akasema siye huyu.

Hebu tutulie hapa kidogo, kwani kama kuna mahali pamoja ambapo roho ya mtu huyu ilipotea, ni hapa. Hapakuwa na haja ya hakimu mla rushwa, wala ya njama ya usiku kati ya wakubwa. Palitosha karatasi kubaki katika jalada lake. Mpelelezi aliyekwisha kuamini kwamba mtu wake amempata huziona karatasi zinazomuunga mkono kuwa ni ushahidi, na zinazompinga huziona kuwa ni takataka za upelelezi, vitu vya kumchanganya akili mtu wa juri bila ya faida. Na kwa nia ambayo yeye mwenyewe huenda akaiita safi, huzifungia. Ushahidi uliokuwa uwe ngao ya mshtakiwa hukaa gizani, naye husimama kizimbani mikono mitupu, asijue hata kwamba ngao yake ipo.

Wakili aliyewekwa kumtetea aliposimama kutoa maneno yake ya mwisho mbele ya juri, alisema juu ya mteja wake kwamba ni nusu mwana wa maumbile, na nusu mshenzi aliyestaarabika nusunusu. Ndivyo alivyosema mtetezi. Mshtaki angeongeza nini juu ya hapo? Labda alitaka kuwaomba watu wa juri wamwonee huruma mteja wake kwa uongo mdogo mdogo aliousema kwa polisi, lakini neno likitoka halirudi, na juri ya Swansea ikaingia faraghani na sura hiyo ya mshtakiwa iliyochorwa na mtu wake mwenyewe. Sisi watu wa pwani tunaujua uzito wa neno mshenzi, kwa kuwa wazee wetu walilitamka juu ya watu wa bara kwa karne nyingi, na tunajua kazi linayoifanya: humtoa mtu katika hesabu ya watu ambao neno lao hupimwa. Baada ya saa moja na nusu hivi juri ilirudi na kusema ana hatia. Jaji hakuwa na hiari, maana sheria ya Uingereza ilikuwa na adhabu moja tu kwa mauaji ya namna hiyo, nayo ni kunyongwa.

Kutoka siku ya hukumu, tarehe 24 Julai, mpaka siku ya kitanzi ni siku 41. Ombi lake la kukata rufani lilikataliwa mwezi Agosti. Likabaki tumaini la msamaha, ambao wakati huo ulikuwa mkononi mwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Sir David Maxwell Fyfe. Na hapa historia ina jambo ambalo kila nilisomapo hunibana kifua. Mwaka 1948, Bunge la Uingereza lilipokuwa likijadili kuisimamisha adhabu ya kifo, Maxwell Fyfe huyu huyu alisimama akasema kwamba, kwa jinsi vyombo vya dola vilivyo vingi vya kuzuia makosa, hofu ya kumnyonga asiye na hatia si jambo la kutiwa maanani, na wanaolisema wamo katika ulimwengu wa ndoto. Alikuwa mwanasheria mkubwa, mmoja wa waliowashtaki wakuu wa Kinazi huko Nuremberg, na sina sababu ya kudhani kuwa hakuyaamini aliyoyasema. Katika miezi mitano baina ya Septemba 1952 na Januari 1953, chini ya mamlaka yake, alinyongwa Mattan na akanyongwa kijana Derek Bentley wa miaka 19, na hukumu zote mbili zilikuja kutanguliwa na mahakama mwaka mmoja, 1998.

Mnyongaji alikuwa Albert Pierrepoint, aliyeurithi ustadi huo kwa baba na ami, na katika maisha ya kawaida alikuwa na baa yake. Kazi yake aliifanya kwa sekunde, na alijivunia kwamba hakumtesa mtu. Mattan akawa mtu wa mwisho kunyongwa katika gereza la Cardiff, akazikwa mumo humo ndani ya kuta, mbali na makaburi ya Waislamu wenzake.

Wakati huo Waingereza wengi waliamini kama alivyoamini waziri wao. Kilichoanza kuwatikisa hakikuwa kesi ya Mattan, kwani baharia mweusi wa Tiger Bay hakuwa na mtu wa kumlilia magazetini. Ilikuwa kesi ya Timothy Evans, dereva wa gari la mizigo asiyejua kusoma, ambaye Pierrepoint alikuwa amemnyonga London tarehe 9 Machi 1950 kwa kumwua mtoto wake mchanga. Evans alikuwa amemtaja jirani yake wa ghorofa ya chini, John Christie, kuwa ndiye aliyefanya uovu ule, na upande wa mashtaka ukamchagua Christie, mtu mwenye adabu aliyepata kuwa askari wa akiba, kuwa shahidi wake mkuu. Miaka mitatu baadaye, mwezi Machi 1953, mpangaji mmoja alipokuwa akibandua karatasi ya ukuta jikoni mwa Christie, alikuta shimo na ndani yake maiti za wanawake. Bustani nayo ilikuwa na mifupa ya wengine wawili, na mfupa wa paja wa mmoja wao ulikuwa umetumika wazi wazi kuegemezea ua wa bustani, mahali ambapo polisi walipita walipokuwa wakichunguza kesi ya Evans. Christie akanyongwa Julai mwaka ule, na aliyemnyonga ni Pierrepoint.

James Chuter Ede, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wakati wa Evans na aliyeamua kwa mkono wake kwamba sheria ifuate mkondo, alitoka hadharani mwaka 1955 kukiri kwamba mtu yule alinyongwa kwa kosa asilokuwa na hatia nalo, akawa mmoja wa waliodai asafishwe na wa waliopigania kitanzi kiondolewe. Ninamheshimu kwa hilo, kwani kukiri kosa la namna hiyo ni kulala nalo kila usiku. Evans alipewa msamaha mwaka 1966. Watu wa mwisho kunyongwa Uingereza walinyongwa tarehe 13 Agosti 1964. Mwaka uliofuata Bunge likaisimamisha adhabu ya kifo kwa mauaji, na mwaka 1969 likaiondoa moja kwa moja. Pierrepoint mwenyewe, katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1974, aliandika kwamba baada ya mamia ya watu waliopita mikononi mwake haamini kuwa vifo vile vilimzuia hata mwuaji mmoja.

Laura Mattan hakuhama Cardiff. Aliwaambia wanawe kwamba baba yao alifia baharini, uongo wa mama ambao sidhani yuko mtu wa kuulaumu. Omar alisimulia baadaye jinsi ulivyovunjika: akiwa na miaka kama minane, kundi la waimbaji wa dini lilikuwa likipiga muziki karibu na kwao, naye akatoka nje kwa furaha ya kitoto kuimba pamoja nao, mpaka mmoja wa wakubwa wa kundi akamwambia kwamba hawana haja na wana wa watu walionyongwa. Hivyo ndivyo mtoto alivyojua baba yake alivyokufa: kwa kufukuzwa kwenye wimbo.

Mwaka 1969 Harold Cover, yule shahidi mkuu, alitiwa hatiani kwa kujaribu kumwua binti yake mwenyewe kwa kumkata koo kwa wembe. Habari hiyo iliamsha watu, ikaombwa kesi ya Mattan ifunguliwe upya, na Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, James Callaghan, akaamua kwamba haitafunguliwa. Kuhusu Tahir Gass, mwaka 1954 alishtakiwa kwa kumwua mtu mwingine, akaonekana ni mgonjwa wa akili, akawekwa katika hospitali ya Broadmoor na hatimaye kurudishwa Usomali. Wala sisemi kuwa Gass ndiye aliyemwua Lily Volpert, au kwamba ni Cover; hakuna aliyeshtakiwa kwa damu hiyo baada ya Mattan, na kumhukumu mtu kwa kalamu pasina mahakama kungekuwa kuirudia dhulma ile ile ninayoilalamikia.

Mwaka 1996, baada ya Laura na wanawe kudai miaka na miaka, serikali iliruhusu mifupa ya Mattan itolewe gerezani, ikazikwa katika makaburi ya magharibi ya Cardiff, na juu ya kaburi likawekwa jiwe lenye maneno yasemayo kwamba aliuawa kwa dhulma. Mwaka uliofuata iliundwa tume ya kuchunguza kesi za waliohukumiwa kwa makosa, na kesi ya kwanza ambayo tume hiyo iliipeleka Mahakama ya Rufani ilikuwa hii. Tarehe 24 Februari 1998 majaji watatu, wakiongozwa na Jaji Rose, waliitangua hukumu. Zile karatasi zilizofichwa zilisomwa mbele ya watu, maelezo ya awali ya Cover, gwaride la utambulisho, mtoto wa miaka kumi na miwili, zote. Jaji Rose akasema, kwa maneno ya upole wa kijaji, kwamba kunyonga pengine hakukuwa mwisho ufaao kwa mfumo wa haki ambao ni wa kibinadamu na kwa hiyo waweza kukosea. Laura alikuwamo mahakamani, naye sasa ni mwanamke karibu wa miaka sabini. Familia ililipwa fidia, ya kwanza kupata kulipwa Uingereza kwa ajili ya mtu aliyenyongwa kwa makosa, lakini Omar, yule mtoto aliyefukuzwa kwenye wimbo, alikutwa amekufa pwani ya Scotland mwaka 2003, na mama yake akafariki mwaka 2008.

Msomaji wa huku kwetu aweza kusema kwamba hayo ni ya Wazungu na yamepita. Hayakupita, wala si ya Wazungu peke yao. Sheria iliyomnyonga Mattan ndiyo iliyopandishwa merikebuni ikaletwa Afrika ya Mashariki, pamoja na kitanzi chake na mlango wake wa mtego. Wiki saba hazijatimia tangu afe, serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza hali ya hatari, na katika miaka iliyofuata ikanyonga watu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa makosa yasiyokuwa mauaji, kama kukutwa na risasi au kulisha kiapo, katika mahakama za haraka ambako aghalabu mshtakiwa hakuijua lugha aliyohukumiwa nayo. Bendera zilipobadilika, kifungu cha sheria kilibaki. Tanzania na Kenya zote ziliendelea kuwa na hukumu moja ya lazima kwa mwenye kuua kwa kukusudia, hukumu ambayo jaji huitamka hata kama moyo wake hautaki.

Hapa Tanzania alitokea jaji asiyetaka. Mwaka 1994, katika kesi ya Mbushuu, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili, yenye kumvunjia mtu utu wake, na kwamba inapingana na Katiba. Na miongoni mwa hoja alizozipima ni hii ya kosa lisilorekebishika. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kweli adhabu hiyo ni ya kikatili, kisha ikaiacha ibaki, ikisema Katiba yenyewe inaruhusu kwa ajili ya maslahi ya umma. Kenya, Mahakama ya Juu iliamua mwezi Desemba 2017 kuwa kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Kitanzi chenyewe kimekaa kimya, Kenya tangu 1987 na Tanzania tangu 1994, ila hukumu hazikukoma. Rais Kibaki wa Kenya alipobadilisha adhabu za waliokuwa wakingoja kifo mwaka 2009, waliohesabiwa walizidi 4,000. Katika watu elfu nne, wengine wakiwa wametetewa na mawakili wa kupewa na serikali waliokutana nao mara moja au mbili, wengine wakihukumiwa kwa maelezo yaliyoandikwa kituo cha polisi kwa lugha isiyokuwa ile waliyosema, kuna akina Mattan wangapi? Hakuna awezaye kujibu, na maadamu hakuna awezaye kujibu, sioni ni kwa haki gani mwanadamu mwingine avute kile chuma cha mnyongaji.

Wanazuoni wa fiqhi walikwisha kusema tangu kale kwamba shubha, yaani shaka, huiondoa hadd, yaani adhabu iliyowekwa na sheria ya dini, na kwamba afadhali mwenye kuhukumu akosee katika kusamehe kuliko kukosea katika kuadhibu. Waingereza nao katika vitabu vyao vya sheria wamefundishana kwamba ni bora wenye hatia kumi waachwe kuliko mmoja asiye na hatia aumie. Kanuni hizo wote walizijua siku ile ya Julai huko Swansea: jaji alizijua, wakili alizijua, na bila shaka hata yule mpelelezi aliyeziweka karatasi jaladani. Walakini hazikumwokoa Mattan. Aliyefungwa maisha kwa makosa, kanuni hizo zikikumbukwa baadaye, mlango wa gereza hufunguliwa akatoka, akiwa na mvi na chuki lakini akiwa hai, akawaona wajukuu.

Mwezi Septemba 2022, baada ya miaka 70 kamili, mkuu wa polisi wa Wales ya Kusini aliomba radhi rasmi kwa yaliyotendwa juu ya Mahmood Mattan, akakiri kwamba kesi ile iliharibika. Laura alikuwa amekwisha kufa, na David, na Omar, na Mervyn. Radhi hiyo ilipokewa na wajukuu, ambao hawakupata kumwona babu yao.